Kula Chumvi Nyingi: Habari ya Chumvi, Posho na Tansio Kwetu Lualaba

Kwa Kiswahili, mtu aliyeishi miaka mingi tunasema amekula chumvi nyingi. Ni maneno ya heshima. Kijana akikatiza mazungumzo ya wakubwa, anajibiwa: nyamaza kwanza, huyu mzee amekula chumvi kuliko wewe. Lakini leo mzee huyohuyo akifika hospitali, akafungwa kitambaa mkononi, kikajazwa upepo, munganga anamwambia: papa, kuanzia leo upunguze chumvi. Wazee wengine wanacheka. Wengine wanakasirika na kujibu, "Sasa munataka nisiishi tena?" Jibu hilo tumelisikia mara nyingi, Nzilo kama Musonoi, Luilu kama Kapata, na ndilo lililotufanya tuandike kurasa hizi katika kijitabu cha desturi, si katika kijitabu cha dawa.

Ugonjwa wenyewe una jina la kuazima. Tunauita tansio, neno tulilochukua kwa Kifaransa. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema presha, neno walilolipata kwa Waingereza, na vitabu vya shule vinaandika shinikizo la damu. Sisi tutaendelea na tansio, juu njo neno linalosemwa sokoni na nyumbani.

Sisi wa upande wa Nzilo tunaweza kuueleza bila shida kubwa. Lualaba inafika kwenye magenge, inazuiliwa na baraji, halafu maji yanashushwa kwa nguvu hadi kuzungusha mashine za umeme. Kiwanda hicho kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikapewa jina la Delcommune, Mbelgiji aliyefika Bunkeya kwa M'siri mwaka 1891. Mtu aliyefanya kazi mahali kama pale anajua kwamba maji ndani ya bomba yanasukuma pande zote, na kwamba bomba lazima liwe na nguvu ya kuyavumilia. Damu katika mishipa iko vilevile. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: kwa Nzilo, mlima njo unafanya kazi, maji yanashuka yenyewe. Ndani ya mwili hakuna mlima. Moyo njo pampu, na inapiga mchana na usiku, karibu mara 100,000 kwa siku moja.

Sasa mishipa ikibana, au maji ya damu yakizidi, pampu hiyo inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Nyama ya moyo inanenepa, kama mkono wa mchimbaji unavyonenepa kwa kupiga nyundo. Lakini unene huo si afya. Kuta zinakuwa ngumu, chumba cha ndani hakijai vizuri, na baada ya miaka moyo uliokuwa mnene unaanza kulegea. Hapo mtu anahema akipanda mlima mdogo, miguu inavimba jioni, usiku hapati usingizi bila mito miwili mitatu. Na mshipa wa kichwani ukipasuka au ukizibika, anaanguka, mdomo unapinda, upande mmoja unapooza. Njo kile wenzetu wa Tanzania wanaita kiharusi. Mambo hayo yote yanaweza kujitayarisha kwa miaka kumi au kumi na tano, mwenyewe akienda kazini, akicheza, akioa, bila kusikia maumivu hata kidogo.

Umetoka wapi ugonjwa huu? Hapo watu wanabishana. Wengine wanasema ni wa wazungu. Wengine wanasema ni mawazo tu, mtu akiwaza sana damu inapanda. Wengine, kwa sauti ya chini, wanataja bulozi. Na wakielezwa habari ya chumvi, wote wanajibu kwa pamoja: chumvi ni ya mababu, tumeikula tangu zamani, mbona wao hawakuanguka? Sisi tunasema hivi: chumvi ni ya mababu, kweli kabisa. Chumvi nyingi si ya mababu. Chumvi nyingi tumeipata kantini.

Tuanze na Mwashya, upande wa mto Lufira. Kule kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wa Katanga walizijua zamani sana kabla mzungu yeyote hajaandika jina hilo kwenye karatasi. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na udongo umeanza kuwa mweupe juu. Watu walikwangua udongo ule, wakautia katika vichujio vilivyosukwa kwa majani, wakamwaga maji, na maji yaliyodondoka chini wakayapika katika vyungu mpaka yakauke. Kuni mingi, moshi mingi, siku mingi, na mwishoni unapata mfuko usiojaza mikono miwili. Kisha mvua zikirudi, kazi imesimama hadi mwaka mwingine.

Haikuwa Mwashya peke yake. Ufalme wa Baluba ulikua katika nchi yenye vitu viwili ambavyo majirani walivihitaji, chuma na chumvi. Ng'ambo ya Tanganyika, watu wa Uvinza wamepika chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yao ilizunguka ziwa lote pamoja na wapagazi. Kule Kibiro, kando ya ziwa Albert nchini Uganda, wanawake wamefanya kazi hiyohiyo kwa karne nyingi, mama akimwachia binti yake kiwanja cha chumvi kama sisi tunavyoachiana shamba. Popote ulipokwenda, chumvi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na nguvu. M'siri, aliyetoka na Bayeke wake upande wa Unyamwezi, alijua hilo. Tunapenda kusimulia shaba yake na pembe zake za ndovu, lakini chumvi ya nchi hii ilikuwa pia katika biashara yake. Basanga walipochoka na utawala wake waliasi, na vita hiyo ilikuwa imekwisha kumdhoofisha alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Kwa hiyo chumvi ilikuwa mali. Mtu hakuimwaga. Ilisafiri ikiwa imefungwa katika majani, ikabadilishwa na jembe, na samaki wakavu, na msalaba wa shaba. Mgeni wa maana alitiliwa chumvi katika mboga yake ili aone kwamba amepokelewa. Na kila kitu chenye thamani kina miiko yake. Kwa Wachewa wa Malawi na Zambia, mama aliye katika siku zake hakutia chumvi katika chungu cha watu wengine; jambo kama hilo wazee wetu wengi wanalifahamu pia. Tunaweza kubishana juu ya mwiko wenyewe, lakini tuone unachosema: kutia chumvi halikuwa jambo la kufanya bila kufikiri, mkono ukiingia katika mfuko mara tatu huku macho yanatazama televisheni.

Na mahali ambapo chumvi ya chemchemi haikufika, watu walikuwa na nyingine, chumvi ya majivu. Walichoma majani na mimea ya majini, wakachuja majivu kwa maji, wakapika. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Chumvi ya dukani karibu yote ni kitu kinachoitwa sodiamu pamoja na klorini, na sodiamu njo inavuta maji ndani ya damu na kupandisha tansio. Chumvi ya majivu ya mimea, mara nyingi, ina zaidi potasiamu, ambayo kazi yake mwilini inakwenda upande mwingine: inasaidia figo kutoa sodiamu. Mwaka 2021 uchunguzi mkubwa wa China ulichapishwa, watu karibu 21,000 katika vijiji 600. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Kule kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Mababu hawakuwa wataalamu wa figo, wala hatusemi watu waanze kuchoma majani ya mtoni. Mtu mwenye figo zilizoharibika, potasiamu inaweza kumuua. Tunasema tu kwamba yule anayetetea mfuko wa chumvi ya dukani kwa jina la mababu, hajauliza mababu walikula chumvi gani.

Sasa tuje kwenye kantini.

Mwaka 1905 munganga mmoja Mrusi, Korotkov, alieleza namna ya kupima tansio kwa kusikiliza mshipa wa mkono chini ya kitambaa chenye upepo. Mwaka uliofuata, 1906, Union Minière ilianzishwa. Chombo cha kupima na kazi ya kuchimba vilizaliwa karibu siku moja, lakini vilichukua muda mrefu kukutana. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910. Mwaka 1931 reli ya Tenke hadi Dilolo ilifunguliwa, ikapita kwetu na kutuunganisha na bahari upande wa Lobito. Mahali ambapo mzigo wa chumvi ulibebwa kichwani kwa majuma, sasa ulikuja kwa vagoni. Wapishi wa Mwashya hawakushindwa kwa vita. Walishindwa kwa bei.

Kampuni ilihitaji watu, na watu walihitaji kula. Amri za Wabelgiji zilimlazimisha mwajiri kutoa chakula, na hivyo ikaja posho: unga wa mahindi, mara mchele, maharagwe, mafuta ya mawese, nyama au samaki, na chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha siasa yake, ikaacha kuokota watu wa miezi sita na kuanza kuwaweka kambini pamoja na bibi na watoto. Kambi zikawa miji. Kolwezi nayo ikasimama mwishoni mwa miaka ya 1930. Siku ya posho, wamama walipanga mstari na mifuko yao, karani akapima.

Wanahistoria wetu wameandika mengi juu ya posho, namna ilivyofunga mtu na kampuni mpaka ikasemwa kwamba kampuni njo baba na mama. Juu ya chumvi iliyokuwa ndani yake tumesoma kidogo sana. Lakini fikirini. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii, chumvi ilikuwa kitu kinachokuja chenyewe, iwe ile ya zamani imekwisha au haijaisha. Haina kiangazi, haina kuni, haina moshi. Pamoja nayo kulikuwa samaki mkavu na samaki wa chumvi, juu samaki mbichi hawezi kukaa stoo bila barafu. Makayabu, ambayo leo tunayaita chakula chetu cha sikukuu, ni samaki aliyetiwa chumvi ili avumilie safari ya mbali. Ziwa letu halijazaa samaki mwenye chumvi. Watoto waliozaliwa kambini walijifunza kwamba ladha ya nyumbani njo hiyo. Mdomo unajifunza mapema, na hausahau.

Hatutaki kuwaonea wale waliopima posho. Mtu aliyetoka jasho saa nane mbele ya tanuru au chini ya ardhi, chumvi inamtoka pamoja na jasho, na lazima irudi. Kwa baba wa kazi ngumu chumvi ile ilikuwa na sababu. Lakini mwana wake leo anakaa kivulini akiuza yuniti za simu, au anaendesha motokari yenye hewa baridi, na bado anakula chumvi ya baba yake. Jasho limekwisha, chumvi imebaki. Tena imeongezeka, juu ndani ya chungu sasa mnaingia na kube ya Maggi, mbili kwa sombe, moja kwa maharagwe, na bado mama anatia chumvi ya kawaida juu yake kana kwamba kube haikuwa chumvi.

Kuna ushahidi wa namna watu walivyokuwa kabla ya mabadiliko hayo? Uko, ila si wa kwetu. Mwaka 1929 munganga Mwingereza aliyeitwa Donnison aliandika habari ya Kavirondo ya Kusini, nchi ya Kenya karibu na ziwa Victoria. Katika miaka miwili alipokea hospitalini wagonjwa wapatao 1,800, na hakukuta hata mmoja mwenye tansio ya juu. Alipopima watu wazima wa kawaida aliona kwamba baada ya miaka arobaini tansio yao haikupanda pamoja na umri, kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Wakati ule wengi waliosoma walifikiri kwamba Mwafrika kwa damu yake hapati ugonjwa huu. Miaka ilipita, miji ikajaa, na wengine wakaanza kusema kinyume, kwamba Mwafrika kwa damu yake njo anapatwa zaidi. Maneno yote mawili yanatuchosha. Ni mtu yuleyule. Iliyobadilika ni njia aliyopita.

Na hiyo njia iliwahi kufuatwa hatua kwa hatua. Mwaka 1990 munganga Poulter na wenzake walichapisha habari za Waluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi. Waliwapima baada ya kuhama, wakawalinganisha na ndugu waliobaki kijijini. Mwezi wa kwanza tu tansio ya waliohama ilikuwa imekwisha panda. Mkojo wao ulionyesha sababu: sodiamu imeongezeka, potasiamu imepungua. Wamekula chumvi zaidi, na mboga na matunda wamekula kidogo. Wazee wetu walioshuka kwenye gari la moshi Kolwezi, wakitoka vijiji vya Baluba, vya Balunda, vya Batchokwe, vya Basanga, hakuna aliyewapima kwa namna hiyo. Lakini njia yao ilikuwa ileile, kutoka shambani hadi kantini. Kwa Kinshasa, Profesa M'Buyamba-Kabangu na wenzake walichapisha mwaka 1986 hesabu za watu wa mjini, na hapo tayari tansio ilikuwa ugonjwa wa kawaida.

Wale wanaosema ugonjwa wa wazungu tunawakumbusha pia habari ya Roosevelt, rais wa Marekani. Watu wa Katanga wana fungu katika habari yake, juu uranium ya Shinkolobwe iliingia katika bomu iliyotengenezwa chini ya serikali yake. Mtu huyo aliyekuwa na uwezo wa kuagiza jambo kama hilo hakuwa na dawa ya tansio yake mwenyewe. Haikuwapo. Waganga wake walimpunguzia chumvi, wakampa dawa ya moyo, wakamwambia apumzike. Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa wa kichwani ulipasuka, akafa akiwa na miaka 63. Miaka ileile munganga Kempner, kule Marekani, alikuwa akiwalisha wagonjwa mchele na matunda bila chumvi, na kwa wengi tansio ilishuka. Na dawa ya kumeza iliyofungua njia kwa watu wengi ilipotokea mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi yake ilikuwa nini? Kuzifanya figo zitoe chumvi kwa mkojo. Inatumika hata sasa, na bei yake si kubwa.

Turudi kwa wale wanaosema ni mawazo. Hatuwacheki. Mtu aliyeishi Kolwezi katika miaka ya 1990 anajua mawazo ni nini. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa, wakakaa kwenye stesheni na mizigo yao. Mishahara ikachelewa, kisha ikasimama. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 walitoka katika kampuni kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Pamoja na kazi, walipoteza hospitali. Mtu wa miaka hamsini na tano aliyekuwa akipimwa na kupewa dawa bila kutoa pesa, sasa achague kati ya vidonge na shule ya mtoto. Mara nyingi alichagua shule, na nani angemlaumu.

Basi ni mawazo au ni chumvi? Mawazo yanapiga moyo mbio, yanaharibu usingizi, yanamsukuma mtu kwenye lutuku na sigara. Hayo yote yanapandisha tansio. Lakini tukisema mawazo peke yake tunafanya makosa mawili. La kwanza, mtu anangoja matatizo yaishe ndipo apone, na matatizo ya Kolwezi hayaishi. La pili ni baya zaidi. Mawazo yana mtu aliyeyaleta. Tunaanza kumtafuta.

Hapa tuseme wazi, juu jambo hili linaharibu koo zetu. Mzee amepokea pesa zake za mwisho, amenunua kiwanja, amefurahi. Baada ya juma mbili anaanguka bafuni na kufa. Jana alikuwa mzima! Kwenye matanga maneno yanaanza: nani alimwona na pesa? Nani alimletea chakula? Kidole kinatafuta, na mara nyingi kinaishia kwa shangazi mjane asiye na mtu wa kumtetea, au kwa mtoto asiye na wazazi. Tumeona familia zilizokula pamoja miaka thelathini zikiachana kwenye kaburi moja. Na marehemu, ukiuliza bibi yake polepole, alikuwa na vidonge kabatini, ameviacha tangu miezi minane kwa sababu kichwa hakikuuma tena.

Hilo la vidonge linahitaji neno. Desturi yetu ya dawa ni ya homa: unaumwa, unakunywa, unapona, unaacha. Tansio haifuati desturi hiyo. Dawa yake haiuondoi ugonjwa, inauzuia tu, kama baraji inavyozuia mto. Ukiibomoa siku moja kwa sababu huoni mafuriko, utayaona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu nusu ya wenye tansio duniani hawajui kama wanayo, na kwamba wanaoitawala vizuri ni mmoja kwa watano. Mtu mzima akipimwa mara kadhaa na akakutwa na 140 juu au 90 chini, au zaidi, hata kama anajisikia simba, ana tansio.

Na chumvi, ni ngapi? Shirika hilo linasema isifike gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja kidogo cha chai kisicho na mlima, pamoja na ile iliyojificha katika mkate, kube na makayabu. Watu wa dunia kwa wastani wanakula mara mbili ya hiyo. Wala si kuiacha kabisa: chumvi ya dukani yenye iodi imesaidia sana dhidi ya uvimbe wa shingo, na mtu anayekula kidogo aendelee kula hiyo yenye iodi.

Tumebakiza jambo moja, nalo ni la desturi kuliko yote. Munganga anapomwambia mzee apikiwe bila chumvi, nyumbani wanafanya nini? Wanampikia chungu chake. Kwa mzungu labda hiyo ni huruma. Kwetu, mtu anayekula chungu chake peke yake ni mgonjwa aliyekatiwa tamaa, au ni mlozi. Sahani yake inaletwa kando, mboga yake haina ladha, wajukuu hawakai naye tena kwa sababu kwake hakuna kitamu. Anavumilia siku nne. Siku ya tano anavuta kiti hadi kwenye bukari ya wote, ananawa mikono, na hakuna mtoto wake atakayethubutu kumwambia, papa, ondoka. Waganga wanasema wazee wetu ni wakaidi. Sisi tunaona wazee wanakataa kufukuzwa kwenye chakula.

Nyumba zilizofaulu, katika zile tunazozijua, ziliacha chungu cha pekee. Zilipunguza chumvi katika chungu cha wote. Sombe inapikwa na karanga za kutwanga, kitunguu, nyanya na pilipili, kube haiingii, na chumvi inatiwa mwishoni, kidogo, wakati chungu kinaondoka motoni. Lenga-lenga na matembele ya nyuma ya nyumba yamerudi mezani. Makayabu yanalowekwa tangu jioni, maji yanamwagwa mara mbili tatu. Kisahani cha chumvi kinakaa mezani kwa ajili ya mgeni, kama zamani mgeni alivyoheshimiwa kwa chumvi. Juma la kwanza watoto wananung'unika. Baada ya mwezi mmoja au miwili wanazoea, na wakienda kula kwa jirani wanarudi wakiomba maji.